Je, Kumshibisha Mtoto Ndiko Kumlisha?

Katika vilima vya Lubero, na chini yake katika nchi ya Beni, hutokea jambo ambalo akili ya mtu hulikataa mara ya kwanza. Mtoto wa miaka miwili hufa kwa njaa katika nyumba ambayo chungu chake hakikukaa kitupu hata siku moja. Kila jioni alipewa bugali, akala, akashiba, akalala. Majirani walimwona na mashavu yaliyojaa, na miguu imevimba hata wakadhani ni unene. Kisha nywele zake zikawa nyembamba na nyekundu, ngozi ikabanduka, akakataa kucheza, akakataa hata kula, na mwisho akafa. Wazazi wakauliza: ni nani aliyemwua?

Swali hilo lina pande mbili, na inafaa zisichanganywe. Upande wa kwanza ni wa elimu: kitu gani kilimwua mtoto? Upande wa pili ni wa dhamiri: je, yuko mtu aliyekosa? Watu wengi huurukia upande wa pili kabla ya kuumaliza ule wa kwanza. Humtafuta mwenye hatia, na hali hawajaijua sababu. Na mara nyingi wampatao ni mwanamke mzee asiye na mtu wa kumtetea, akaitwa mchawi, akafukuzwa kijijini. Hivyo katika msiba mmoja huzaliwa dhuluma ya pili, na chungu huendelea kupikwa vile vile kwa mtoto anayefuata.

Wala nchi yenyewe si jangwa. Mji wa Butembo umejengwa karibu kabisa na mstari wa Ikweta, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Mvua zake ni nyingi, na udongo wake huzaa mara mbili kwa mwaka. Maharagi, viazi vya kizungu, vitunguu, kabichi na ngano hutoka katika vilima vya Lubero na kupakiwa katika malori kwenda mijini. Upande wa Beni, ambako joto ni kubwa zaidi, kuna ndizi, mchele, mawese, kahawa na kakao. Samaki hutoka Ziwa Edward, katika vijiji vya wavuvi vya Vitshumbi na Kyavinyonge. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa katika nchi nzima ya Kongo mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 43 walikuwa wafupi kuliko unavyodai umri wao. Na katika Kivu Kaskazini hesabu hiyo ilipita nusu ya watoto. Ufupi huo si ule wa ukoo, ambao haumdhuru mtu. Ni ufupi wa mwili ulionyimwa, hasa katika siku elfu moja za kwanza, kuanzia tumboni mwa mama hata mtoto atimize miaka miwili. Upungufu wa siku hizo haulipwi kwa urahisi baadaye, hata kama mtoto atakula nyama kila siku akiwa na miaka kumi.

Ni kitu gani basi kinachokosekana, ikiwa chakula kipo?

Mwili wa mtoto hujengwa kama nyumba ya udongo ijengwavyo. Aliye na udongo mwingi lakini hana nguzo wala fito, hawezi kusimamisha ukuta. Ataurundika udongo wake, na mvua ya kwanza itauangusha. Muhogo ni udongo wa namna hiyo. Humpa mtu nguvu ya kulima na kupanda mlima, lakini ndani yake kitu cha kujenga nyama na damu ni kidogo mno. Kitu hicho kimo katika maharagi, soya, karanga, samaki, mayai, maziwa na nyama. Tena kuna vyakula vinavyolinda: majani mabichi kama lengalenga na matembele, maboga, mapapai, avoka. Mtu mzima anayekula bugali nyingi pamoja na kitoweo kidogo huweza kujikokota. Mtoto hawezi, maana tumbo lake si kubwa kuliko ngumi yake kwa mengi, na bugali likiisha kulijaza hapabaki nafasi ya kitu kingine. Ndiyo sababu mtoto huweza kushiba na kuwa na njaa kwa wakati mmoja. Uji mwembamba wa muhogo una hila hiyo hiyo: kikombe kimejaa, mtoto amenyamaza, na alichokunywa ni maji kwa sehemu kubwa.

Kabla ya hayo yote yako maziwa ya mama. Waganga wa leo wanafundisha kwamba mtoto anyonye tangu saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, na asipewe kitu kingine, hata maji, mpaka atimize miezi sita. Kisha apewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hata miaka miwili au zaidi. Maziwa ya siku za kwanza ni mazito na ya rangi ya manjano, na katika vijiji vingi yamekuwa yakikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni uchafu. Kumbe hayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto juu ya magonjwa. Hakuna mama aliyeyamwaga kwa kumchukia mtoto wake. Aliyamwaga kwa kumpenda, akitaka asimpe kitu kichafu. Jambo hilo na likumbukwe, maana litarudi katika hukumu.

Ugonjwa wenyewe katika Kivu huitwa bwaki. Kiswahili cha vitabu huuita unyafuzi. Na waganga wa dunia nzima huuita kwashiorkor. Jina hilo la mwisho halikutoka Ulaya. Daktari Cicely Williams, mwanamke aliyezaliwa Jamaica, alikuwa akifanya kazi katika nchi iitwayo sasa Ghana. Aliona watoto wengi wa mwaka mmoja au miwili wakivimba na kufa, akaandika habari zao mwaka 1933. Vitabu vya waganga havikumpa maelezo ya kutosha. Basi aliwauliza akina mama wa mahali hapo, nao walikuwa na neno tayari, neno la lugha ya Kiga: ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa kifuani wakati mdogo wake anapozaliwa. Mwaka 1935 aliliandika jina hilo, na tangu hapo limebaki. Yafaa kutua kidogo hapa. Wanawake wasiojua kusoma walikuwa wameiona sababu, na kuitia ndani ya neno moja, kabla ya hospitali kuiona.

Kati ya Wanande neno hilo lingeeleweka bila mkalimani. Kwao mtoto hupewa jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa: Masika ni binti wa kwanza, Kambale ni mwana wa pili, Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Asikiaye jina hujua mara moja ni wa ngapi. Kambale hubaki Kambale hata uzeeni. Jina lake haliondolewi na Kasereka. Lakini kifua cha mama huondolewa, na mara nyingi huondolewa siku moja tu mama ajuapo kwamba ana mimba nyingine, kwa maana watu husema kwamba maziwa ya mwenye mimba yameharibika. Watu wa pwani nao wana neno kubemenda, wakisema kwamba mtoto hudhoofika wazazi wake wakikutana kabla hajaachishwa ziwa. Katika imani hizo sababu iliyotajwa si ya kweli, maana maziwa ya mama mwenye mimba hayawi sumu, naye huweza kuendelea kunyonyesha akipata chakula cha kumtosha. Lakini ndani ya kosa hilo wazee walikuwa wameficha hekima: waliona kwamba mtoto afuatwaye upesi mno na mdogo wake huwa hatarini, na kwa mwiko huo waliwazuia wazazi wasiharakishe. Anayecheka desturi ya wazee na aangalie asije akaitupa hekima pamoja na kosa.

Kivu haikuketi kimya mbele ya ugonjwa huu. Huko Lwiro, upande wa Bukavu, wataalamu waliuchunguza kwa miaka mingi. Na mwaka 1965 huko Bukavu ilianzishwa kamati iliyojiita Comité Anti-Bwaki, yaani kamati ya kuipinga bwaki. Wataalamu wenyewe walijifunza unyenyekevu. Zamani walidhani kwamba kilichokosekana ni vyakula vya kujenga mwili tu. Baadaye waliona kwamba maji machafu, kuhara, minyoo, surua na malaria humwibia mtoto hata kile kidogo alichokula. Mwaka 2013 ilitolewa habari ya uchunguzi wa mapacha wa Malawi: pacha mmoja huweza kupatwa na bwaki na mwenzake asipatwe, ingawa wanakula katika chungu kimoja na kulala katika mkeka mmoja. Basi anayemnyoshea mama kidole na kusema, “Mtoto wake ameugua, kwa hiyo amemlisha vibaya,” amesema zaidi ya ayajuayo.

Upande wa elimu ukiisha kuelezwa hivyo, dhamiri nayo iulizwe.

Amri ya Tano yakataza kuua. Je, aliyempa mtoto bugali tupu mpaka akafa ameivunja? Walimu wa maadili tangu zamani wametofautisha namna mbili za ujinga. Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba mtu hahesabiwi kosa kwa jambo asilojua na asiloweza kulijua. Lakini asiyejua lile ambalo imempasa kulijua, tena angeweza kulijua kama angejitahidi, ujinga wake wenyewe huwa kosa. Namna ya kwanza ni ujinga usioshindika, na ya pili ni ujinga unaoshindika. Bibi wa zamani aliyemwaga maziwa ya kwanza hakuwa na mtu wa kumfundisha lingine. Huyo hana hatia, na wajukuu wake wasimhukumu. Lakini mahali penye dispensari, penye siku ya kupima watoto kila mwezi, penye muuguzi anayeeleza bila malipo, asiyekwenda kwa uvivu au kwa kiburi hawezi kujificha nyuma ya bibi yake. Mlango wa elimu ukiisha kufunguliwa, aliyekataa kuingia anaketi nje kwa hiari yake.

Hapo wengi huona kesi imekwisha, nao huwaelekea akina mama kwa mafundisho na makaripio. Hukumu hiyo ni ya haraka. Na ifikiriwe nyumba moja, mahali fulani katika njia ya Butembo na Lubero. Baba ana kahawa. Mama ana shamba la maharagi na muhogo, tena kuku saba. Mama mkwe anaishi nao, naye huheshimiwa sana. Mama amefundishwa na muuguzi, amerudi nyumbani, jioni anasema kwa adabu:

“Baba Kambale, naomba yai moja nimpikie mtoto. Muuguzi amesema mkono wake umekuwa mwembamba.”

“Mama Kambale, mayai ni ya soko. Tena mtoto akizoea utamu wa yai atakuwa mwizi.”

Na mama mkwe anaongeza: “Mkamwana, sisi tulikula bugali na sombe, tukakua. Huyo muuguzi amezaa watoto wangapi?”

Mkamwana hanyanyui macho wala hajibu, maana katika desturi njema mkamwana habishani na mama mkwe. Asubuhi anafunga kikapu kwa ukamba, anauweka ukamba katika paji la uso, anakwenda shamba la mbali. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba, na kiporo cha bugali cha jana.

Nani kati ya hao asiyejua? Mama anajua, lakini yai si lake kulitoa. Mama mkwe hajui, ingawa maneno yake yana nusu ya ukweli: sombe ni chakula chema sana, na sombe ya siku zake ilitwangwa pamoja na karanga, ikatiwa mawese na samaki mkavu, tena ilipikwa na wanawake ambao mashamba yao yalikuwa karibu. Sombe ya leo katika nyumba hiyo ni majani, maji na chumvi. Lakini nusu nyingine ya maneno yake inadanganya. “Sisi tulikula hivyo, tukakua,” ni maneno ya wale waliokua. Wenzao waliozikwa wakiwa na miaka miwili hawana kinywa cha kujibu. Mama mkwe huyo kama angehesabu watoto wa mama yake mwenyewe, waliozaliwa na waliobaki, angepata ushuhuda wa namna nyingine.

Amebaki baba. Yeye alisikia neno la muuguzi kwa kinywa cha mkewe, na mkono wa mtoto aliuona. Ile hoja ya yai na wizi husikika katika nchi nyingi za Afrika, na inashangaza kwamba humfaa sikuzote yule anayekula mayai mwenyewe au kuyauza. Kati ya Wanande, kama kwa makabila mengi, fedha ya kahawa na kakao huingia mkononi mwa mwanamume. Ikiisha kuingia, ina njia nyingi: mabati ya nyumba, deni la posa, kalabashi ya kasikisi pamoja na wenzake jioni ya soko. Hakuna anayesema kwamba vitu hivyo vyote ni viovu. Lakini mara nyingi fungu la mtoto huhesabiwa mwishoni kabisa, kama sadaka inayotolewa ikibaki kitu. Na hapo ndipo kosa lilipo, maana fungu hilo ni deni. Mtu aliyemleta mtoto duniani amekopa kwake. Mdai huyu hawezi kupiga hodi, hawezi kwenda kwa mwami kushitaki, hawezi hata kusema neno; ana kilio tu, na bugali likimnyamazisha, baba hudhani deni limelipwa. Basi ikiwa hatia yapaswa kugawanywa katika nyumba ile, fungu kubwa si la mwanamke aliyekwenda dispensari. Yashangaza jinsi mafundisho ya malezi yanavyotolewa siku zote mbele ya akina mama, huku akina baba wakingoja nje chini ya mti.

Kuna kesi nyingine iliyo ngumu zaidi, ambayo haina mwovu ndani yake. Katika siku ya kupima, mkono wa mtoto hufungwa utepe wenye rangi. Ukipungua milimita 115, utepe husoma nyekundu, na mtoto huhesabiwa kuwa katika hatari ya kufa. Hapo hupewa pakiti za Plumpy'Nut, chakula laini cha karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta, kilichotengenezwa Ufaransa mwaka 1996. Mama anarudi nyumbani na pakiti za juma moja. Nyumbani wapo watoto wanne, na wote wana njaa, na harufu ya karanga wanaisikia. Tangu utoto wake mama amefundishwa kwamba kula peke yako mbele ya ndugu zako ni tabia ya mnyama. Anagawa sawasawa, kila mtoto robo. Amefanya haki?

Amefanya haki ya karamu, si haki ya ugonjwa. Nyumba ikiungua upande mmoja, maji hayagawiwi sawasawa kwa kuta zote nne. Watoto watatu wamepata utamu wa siku moja. Wa nne, ambaye pakiti ilihesabiwa kwa uzito wake, hakupona. Lakini ni nani atakayemlaumu mama huyo kabla ya kuwapa wale watatu kitu cha kula? Desturi ya kugawana ni jambo jema, nayo ndiyo iliyoiokoa nchi katika dhiki nyingi. Neno la muuguzi, “Usiwape wengine,” ni la kweli. Lakini likisemwa peke yake linamtaka mama aufunge moyo wake mbele ya watoto watatu ili auokoe uhai wa mmoja, mara mbili au tatu kila siku, kwa majuma mengi. Anayeuza pakiti hizo sokoni, huyo kesi yake ni nyepesi, haihitaji maneno.

Tena kuna nyakati ambapo hata mama mwenye elimu na baba mwenye moyo hushindwa. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya waasi wa ADF yamewafukuza watu wengi mashambani mwao kuzunguka Beni, Oicha, Mbau na Eringeti. Mama anaiona migomba yake kwa mbali, naye haendi, maana waliokwenda hawakurudi. Mwaka 2024, vita ya M23 ilipofika Kanyabayonga, umati wa watu ulipanda kwa miguu kuelekea Lubero na Butembo. Mama aliyekimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani hadaiwi mayai. Wajibu usioweza kutimizwa haumfungi mtu. Lakini deni la mtoto halifutwi kwa sababu mdaiwa wa kwanza ameanguka. Linahamia kwa aliye karibu. Katika Butembo nyumba nyingi zilipokea jamaa wawili, watatu, hata wageni wasio wa ukoo, na chungu cha watu sita kikawa cha watu kumi na watano. Mjini humo pia wako wafanyabiashara wanaojulikana mpaka Dubai na China. Kila mmoja wao anajua ni wakimbizi wangapi wanalala katika kivuli cha ukuta wake.

Beni ulishuhudia jambo moja ambalo linajibu swali la mtoto ni wa nani vizuri kuliko hoja nyingi. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Hata tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa ulipotangazwa kwisha, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamekufa. Kati ya waliougua kulikuwa na akina mama wenye watoto wachanga. Maziwa yao hayakuweza kunyonywa, maana vijidudu vya ugonjwa huo hukaa hata katika maziwa. Wala jirani hakuthubutu kumgusa mtoto wa nyumba yenye Ebola. Ndipo kando ya hospitali ya Ebola ya Beni, kwa msaada wa UNICEF, ikafunguliwa nyumba ya watoto, na wanawake waliopona Ebola wakaitwa kuwalea, kwa kuwa waliopona walikuwa na kinga. Walikuwa wamefiwa wao wenyewe, wengine na waume, wengine na watoto. Waliwabeba wachanga wa watu wasiowajua, wakawapa maziwa kwa kipimo, wakawaimbia mpaka walale, huku mama akiwa amelazwa ng'ambo ya ua. Wengine walimrudishia mama mtoto wake mzima. Wengine hawakuwa na mtu wa kumrudishia.

Yako maneno mengine mawili yasemwayo vijijini ambayo yanastahili jibu fupi. La kwanza ni, “Mungu alimpa, Mungu amemtwaa.” Maneno hayo ni ya kumfariji mtu aliyefiwa baada ya kufanya yote yaliyompasa, hayakuwekwa ili yafanywe blanketi la kuufunika mkono uliokataa kutoa yai. La pili ni kwamba maziwa ya kopo ni bora kuliko ya mama kwa kuwa ni ya kizungu. Cicely Williams yule yule, akiwa Singapore mwaka 1939, aliwaambia wafanyabiashara waziwazi kwamba kuwadanganya akina mama maskini wayaache maziwa yao na kununua ya kopo ni kama kuua. Mwaka 1981 mataifa yalikubaliana kanuni za kuzuia biashara ya namna hiyo. Maziwa ya kopo yana mahali pake, kama yalivyokuwa nayo katika nyumba ile ya Beni. Lakini penye maji machafu, na penye fedha ya kopo moja tu ambalo linazidishiwa maji ili lifike mwisho wa mwezi, hugeuka kuwa hatari. Katika masoko mengi ya Kivu kopo la Guigoz limebaki kama kipimo: maharagi hupimwa kwa Guigoz. Hapo kopo hilo linafanya kazi iliyo bora kuliko ile ya kwanza.

Na kipimo hicho kinaleta swali la mwisho, lililo la kweli kwa nyumba nyingi zinazorudi mashambani baada ya kukimbia. Mwanamke amepata Guigoz nne za maharagi ya mbegu. Mvua zimekaribia. Akizipanda zote, baada ya miezi mitatu atavuna kwa ajili ya nyumba nzima. Akizila zote, hatakuwa na mavuno. Mtoto wake mdogo ana miezi kumi na minne, na utepe umesoma manjano. Wazee husema kwamba mtu mwenye akili hali mbegu, na kwa watu wazima wamesema kweli: mtu mzima huweza kulala na njaa, kisha akajazia mavuno yakija. Kimo cha mtoto wa miezi kumi na minne hakingoji mavuno. Basi na atenge Guigoz moja, isiwe ya nyumba, iwe ya mtoto peke yake. Kila siku achukue konzi ndogo, ailoweke usiku, aipike mpaka iwe laini kabisa, aipondeponde na kuondoa maganda, aichanganye na uji mzito usiomwagika kijikoni, atie kijiko cha mawese na lengalenga zilizokatwa ndogo. Anawe mikono kwanza, ampe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, na ziwa lisiachwe. Guigoz tatu zilizobaki azipande. Na baba mtu, jioni ya soko atakapopita mbele ya kasikisi, anajua tayari bei ya dagaa kavu za kukoleza uji huo.